Padi ya Mtu Asiyecheza

Kazi yetu mimi na mjukuu wangu ni kufufua padi za gemu, zile za zamani zenye waya, ambazo watu huzishika kwa mikono miwili wakaendesha magari na kupigana ngumi kwenye televisheni. Yeye ndiye fundi. Anafungua, anapima umeme, anachomelea nyaya kwa risasi ya kuyeyusha. Mimi naosha. Ukiniletea padi iliyoshikwa na mikono ya jasho miaka nenda miaka rudi, uchafu umejikunja kwenye maungio ya plastiki kama nta ya sikioni, basi umefika kwa mwenyewe. Nina mswaki, nina sabuni, nina kijiti cha kuchokolea, na haraka sina.

"Bibi, wewe ungezaliwa mashine ya kufulia," mjukuu wangu hunitania.

"Na wewe mke mwenzangu ungezaliwa pasi, maana kila ukigusacho unakiunguza."

Ndivyo tunavyoishi. Chumba chetu cha kazi kina dirisha moja na meza moja ndefu. Kila padi inayofunguliwa ina bakuli lake, ili skrubu za huyu zisiende kwa yule. Na kitu chochote tulichokitoa ndani ya padi kwa kukiona kimechakaa, hakitupwi mpaka mwenye mali aje aondoke na mali yake. Akishaondoka ndipo mimi nakaa na bakuli nachambua: cha kufaa huku, cha kutupa kule.

Siku hiyo dereva mmoja wa lori la mizigo alikuja asubuhi kuchukua padi aliyotuachia. Alikuwa ameileta kitufe chekundu kinanata, ukikibonyeza kinazama na kuchelewa kurudi.

"Ni ya shemeji yangu, mume wa dada," alituambia alipoileta. "Mgonjwa wa siku nyingi. Itengenezeni iwe mpya kabisa, mzee wa watu afurahi."

Tukaitengeneza ikawa mpya kabisa. Mimi niliisugua mpaka ikarudi rangi yake. Mjukuu wangu akatoa ule mpira wa ndani, akaweka mwingine ambao haujawahi kutumika. Dereva alipokuja akabonyeza kila kitufe kwa dole gumba lake, nene kama kizibo cha chupa.

"Lo! Vimekaza kama vya dukani! Bibi, mna mikono ya dhahabu."

Akaenda zake. Nasi tukafurahi, maana nani hapendi kusifiwa.

Baada ya chakula cha mchana nikalivuta bakuli la ile padi nichambue. Hamkuwa na kitu cha maana, skrubu moja iliyoliwa kichwa na ule mpira wa zamani. Kwa asiyeujua, mpira wenyewe ni kipande kilaini, upana wake kama kiganja cha mtoto, kimeota vimpira vidogo mfano wa vikofia, kimoja chini ya kila kitufe. Ukibonyeza kitufe, kikofia kinabonyea, kinagusa bodi chini, na gemu inasikia. Ukiachia, kikofia kinasimama tena na kukisukuma kitufe juu. Kikichanika, kitufe kinanata. Hakuna uchawi.

Kikofia cha kitufe chekundu kilikuwa kimechanika kweli upande mmoja. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nikitupe, lakini kikapita kwenye mwanga wa dirisha, na mwanga ukapenya pale ambapo haukupaswa kupenya. Nikakisogeza machoni. Ubavuni mwake mlikuwa na vidirisha vitatu, vimekatwa kwa wembe, vimelingana, vinapendeza kuviangalia. Cha nne ndicho kilichochanika.

"Mke mwenzangu, hebu njoo."

"Nina risasi ya moto mkononi, Bibi."

"Iweke chini uje."

Akaja, akakishika, akakigeuza. "Si kimechanika tu?"

"Kimechanika huku. Huku je? Na huku?"

Akachukua njiti ya ufagio, akagusa kichwa cha kile kikofia kwa ncha. Kikalala. Hakukibonyeza, alikigusa tu, kikalala chenyewe. Kisha akagusa cha jirani yake kwa njiti ile ile, na njiti ikapinda mpaka ikavunjika.

"Mtu amekilegeza makusudi," akasema taratibu. "Hiki kinabonyezeka hata kwa unyoya. Nani anataka kitufe laini namna hii? Ukicheza nacho si kitajibonyeza hovyo?"

"Mtu ambaye kidole chake hakina nguvu."

Tukatazamana. Mimi nilikumbuka neno la dereva, mgonjwa wa siku nyingi.

Mjukuu wangu akampigia dereva. Simu aliiweka sauti ya juu, lori likinguruma humo ndani kama simba.

"Kaka, yule shemeji yako anaumwa nini hasa?"

"Mwili umemwisha nguvu, dada. Hatembei, hasemi, hali mwenyewe. Kimebaki kidole gumba cha kulia, nacho ni cha kusukumasukuma tu."

"Sasa anachezaje?"

"Nani kasema anacheza?" Dereva akacheka. "Hachezi. Anaitumia kuita watu. Mashine inawashwa kutwa kwenye gemu la magari, akibonyeza kile chekundu honi inalia kwenye spika, mkewe anakuja. Ndiyo sauti yake ile."

Mjukuu wangu alifumba macho. Nikamnyang'anya simu.

"Baba, ulituambia hayo?"

"Niwaambie ya nini, Bibi, mnatengeneza padi ama mnatengeneza mgonjwa?"

"Dada yako yupo nyumbani sasa hivi?"

"Hapana, kaenda hospitali kuchukua dawa, huko foleni ndefu. Lakini jirani anasikiliza honi. Kwani kuna nini?"

Nikamwambia kuna nini. Halafu akaanza kutuelekeza nyumba kwa sauti iliyopasuka, nyuma ya karakana ya mbao, geti la kijani, jirani fundi cherehani. Simu ya dada yake aliijaribu, ikawa imezimwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshatoka mjini.

Mjukuu wangu alikusanya vitu kwenye kopo bila kuchagua, bisibisi, wembe, mpira wa zamani, na mipira mipya miwili iliyokuwa imebaki ya aina ile. Tukapanda pikipiki ya kukodi, watu watatu tumebanana. Kijana mwendeshaji akaniuliza, "Bibi, twende polepole?" Nikamwambia, "Twende kama umeiba." Njia nzima sikuona mtu wala nyumba. Nilikuwa natazama mgongo wa mjukuu wangu mbele yangu, jinsi ulivyokuwa ukipanda na kushuka.

Fundi cherehani tulimkuta kibarazani kwake, mguu kwenye cherehani, nyuzi mdomoni.

"Mgonjwa wa hapa jirani," mjukuu wangu akamwambia hata salamu hakutoa, "leo amekuita?"

Yule mama akatoa nyuzi mdomoni. "Leo ametulia vizuri mno. Tangu mkewe atoke hajapiga honi hata moja."

"Siku nyingine hupiga?"

"Wee! Mpaka kero. Mto, maji, nzi, jua limemfika usoni. Watoto wa mtaa huu hawaogopi tena lori la kweli kwa ajili yake." Akacheka, kisha akatuona nyuso zetu, kicheko kikamfia. "Kwani vipi?"

"Ufunguo," nikasema. "Mama, ufunguo."

Chumba kilikuwa safi, pazia limefungwa nusu. Kwenye televisheni gari jekundu lilikuwa limesimama kwenye mstari wa kuanzia, injini inalia taratibu, haliendi. Na kitandani mzee alikuwa ameteleza kutoka kwenye mito. Kidevu kilikuwa kimemkandamiza kifuani, uso umeinamia ubavuni, na pumzi ikitoka na kuingia kwa mluzi mwembamba, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Padi ilikuwa mkononi mwake, pale pale alipowekewa. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe chekundu, ukucha umekuwa mweupe. Alikuwa bado anabonyeza.

Fundi cherehani alipiga ukelele. Mjukuu wangu alishaingia kwapani mwa mzee, mimi nikashika kichwa, kizito kama gunia la mchanga na cha moto. Tukamvuta juu. Nikamnyoosha shingo taratibu, nikamwinulia kidevu kwa vidole viwili kama ninavyomfanyia mtoto mchanga. Pumzi ikakwama. Kisha ikaingia, ndefu, ikafuatwa na nyingine. Midomo iliyokuwa na rangi ya majivu ikaanza kurudia rangi yake.

"Nilikuwa hapo tu," fundi cherehani alikuwa akilia. "Hapo tu! Nashona! Kumbe mwenzangu ananiita!"

Mzee alitutazama. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, makali, ya mtu anayejua kila kilichotokea.

Mkewe alitukuta hivyo, sisi watatu tumemzunguka mumewe, mfuko wa dawa mkononi mwake.

"Ninyi ni akina nani?"

Fundi cherehani alianza kueleza yote kwa pamoja, haeleweki. Mjukuu wangu akamkatiza. "Sisi ndio tuliotengeneza padi, mama. Tulibadilisha mpira wa ndani, tukaweka mgumu. Hakuweza kuubonyeza."

Mwanamke yule hakupiga kelele. Alikwenda kwa mumewe, akamshika shavu, akamsikiliza pumzi, akamweka mto mwingine. Ndipo akatugeukia.

"Nilimwambia kaka yangu isafishwe. Nilisema isafishwe. Nani aliwaambia mbadilishe?"

"Alisema iwe mpya," mjukuu wangu akajibu.

"Mimi mwenyewe niliibonyeza kabla sijatoka, ikalia!"

"Kwa kidole chako, mwanangu," nikasema.

Akakitazama kidole chake kama kimemuuma. Akakaa kitandani.

"Aliukata yeye," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Huyu alikuwa fundi saa. Mikono ilipoanza kumtoroka, kabla haijatoroka yote, akakaa na hiyo padi na wembe, akaukata ule mpira. Nikamwuliza unafanya nini. Akaniambia, najitengenezea mdomo. Nikamgombeza kwa kusema maneno ya mkosi." Akafuta uso kwa kiganja. "Mtu akiwepo mbele yake, macho yanamtosha, akifumba mara moja ni ndiyo, akifumba kwa kukaza ni hapana. Lakini siwezi kuketi mbele yake kutwa. Tutakula nini?"

"Naomba niukate mwingine," mjukuu wangu akasema.

"Usiguse tena kitu cha mume wangu."

"Mama, ule wa zamani umechanika. Nikiurudisha utanata, halafu siku moja utakatika kabisa, honi isilie. Lazima ukatwe mpya."

"Nimesema usiguse!"

"Mwulize mwenyewe," nikamwambia.

Hakutaka kumwuliza. Lakini alimtazama, na mzee akafumba macho mara moja, polepole, akayafumbua.

Mjukuu wangu akafungua padi juu ya kiti, miguuni mwa kitanda. Mpira wa kwanza aliukata upesi, akifuata vidirisha vya ule wa zamani, viwili huku, viwili kule. Alipoufunga na kumpa mzee, honi ikalia kabla kidole hakijagusa. Haikunyamaza. Kikofia kilikuwa kimelegea kupita kiasi, uzito wa kitufe chenyewe tu uliweza kukilaza. Honi ikajaza chumba, ikatoka dirishani, mkewe akaziba masikio, na huko nje mtu akapiga kelele, "Pisheni lori!"

"Zima!" mkewe akasema. "Zima hicho kitu!"

Mjukuu wangu akachomoa waya. Kwenye kopo ulibaki mpira mmoja tu. Mjini kwetu hakuna duka linalouza ile mipira tena. Sisi wenyewe huagiza mbali na kusubiri mpaka tunasahau. Mjukuu wangu aliufuta wembe kwenye gauni lake mara mbili, na mimi naijua mikono ile, nimeilea tangu haijajua kushika kijiko. Nilitamani niuchukue wembe mimi. Lakini macho yangu kwa kazi ndogo namna ile hayafai tena, ningeumaliza mpira wote. Nikawasha tochi ya simu, nikammulikia. Hilo ndilo nililoweza.

"Pumua," nikamwambia.

"Napumua, Bibi."

"Hupumui."

Akapumua. Akapiga magoti pembeni ya kitanda, akauinua ule mpira mbele ya uso wa mzee, kwenye mwanga, akaweka ncha ya wembe ubavuni mwa kikofia pasipo kukata.

"Hapa?" akamwuliza.

Mzee akafumba macho kwa kukaza. Hapana.

Akashusha kidogo. "Hapa?"

Hapana.

Akashusha tena, karibu na shina kabisa, mahali ambapo mimi ningesema mpira utang'oka. "Hapa, mzee?"

Macho yakafumba mara moja, yakafumbuka. Mkewe alisogea akasimama nyuma yetu. Sikujua kama amekuja kuona au kumkamata mkono mjukuu wangu.

Wembe ukaingia. Kidirisha cha kwanza, kidogo kuliko punje ya mchele. Cha pili. Kwa cha tatu mzee alisema hapana mara nyingi, mpaka jasho likamtoka mjukuu wangu puani na kudondoka kwenye shuka. Alitaka kisilingane na vingine, kiwe chembamba, upande ule ambao kidole chake kinaegemea. Kumbe ndiyo maana. Sisi tuliona vidirisha vimelingana, havikuwa vimelingana. Cha nne mjukuu wangu alikata akasita, mkono ukashtuka, akavuta pumzi kwa meno. Nikadhani mpira umekwenda. Akageuka upande, akafunga padi, skrubu baada ya skrubu, akachomeka waya.

Honi haikulia.

Mkewe akauweka mkono wa mzee juu ya padi, kidole juu ya kitufe. Tulikisubiri kidole kile. Kilitikisika, kikapumzika, hakuna kitu. Kikatikisika tena. Mara ya tatu kikasogea kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini, na honi ikalia. Ikakatika. Ikalia tena.

Fundi cherehani alimshukuru Mungu kwa sauti. Mkewe hakushukuru mtu.

"Nataka nisikie nikiwa nje," akasema. "Mlango umefungwa. Na yeye hajaangaliwa na mtu usoni, hajasaidiwa. Njoo jirani."

Wakatoka wote wawili, mlango ukafungwa. Tukabaki na mzee. Mjukuu wangu alisimama karibu na ukuta, mkono mmoja kauzungushia pindo la gauni lake, nikadhani ni woga tu. Tulisubiri. Mzee hakubonyeza. Aliyatembeza macho chumbani, yakapita kwangu, yakaenda kwa mjukuu wangu yakakaa hapo. Kidole kimetulia juu ya kitufe kama cha mtu mwingine.

"Mzee, bonyeza," mjukuu wangu akanong'ona.

Hakubonyeza.

"Bibi, nguvu zimemwisha."

"Mwache."

"Nimekata vibaya. Kile cha nne nimekikata vibaya."

"Mwache, nimesema."

Nje mkewe alikuwa anasubiri, na kila pumzi iliyopita ilikuwa inatushtaki. Mara kidole kikasogea. Honi ikalia. Ikalia tena, na tena, haina hata nafasi ya kupumua, kama lori limekata breki. Mlango ukafunguka kwa kishindo, mkewe akaingia mbio, kiatu kimoja kimebaki nje.

"Nini? Mto? Pumzi? Maji?"

Kila neno mzee alilikazia macho. Hapana, hapana, hapana. Na honi haikomi.

"Nzi? Dawa? Mume wangu, nini?"

Macho yake yakashuka ukutani, yakashuka mpaka kwenye gauni la mjukuu wangu. Mkewe akayafuata, nami nikayafuata. Pindo lote lilikuwa limelowa damu, na chini sakafuni palikuwa na matone yaliyoanza kujikusanya.

"Wewe binti!" mkewe akasema. "Toa mkono huo."

"Ni kidogo tu, mama. Nilitaka usikie honi kwanza."

"Toa!"

Wembe ulikuwa umeingia kwenye kidole gumba mpaka nikaona nyama. Mkewe alimkalisha juu ya kitanda kwa nguvu, ubavuni mwa mumewe, akachana kitambaa safi kwa meno, akamwagia dawa. Mjukuu wangu akaruka.

"Tulia! Ulikuwa umenyamaza hapo ukutani udondoke kama embe bovu?"

Honi ililia.

"Nimeona, baba. Nimeona, namfunga."

Ikalia tena.

"Nimekaza! Unataka nimkate damu mpaka begani?" Akalegeza kitambaa kidogo, akafunga upya, akaukagua mkono kwa mwanga wa dirisha, kisha akamgeuzia mumewe naye auone. "Haya. Umeridhika?"

Mzee akaukagua mkono ule kwa muda, kama anakagua saa ya mteja. Akafumba macho mara moja, akayafumbua, na kidole chake kikaachia kitufe.